Mweka hazina ni wifi yangu, na mwenyekiti ni mimi

Shikamoo Anti,

Naomba jina langu lisitoke, wala mtaa. Morogoro inatosha. Nina miaka 43, nauza vitenge na mashuka, nina mume na watoto watatu.

Huu ni mwaka wangu wa sita kuwa mwenyekiti wa kikoba chetu. Tuko wanawake 30. Tunakutana kila Jumamosi saa 9 alasiri uani kwa mwanachama mmoja, tunanunua hisa kuanzia moja hadi tano, hisa moja Sh 5,000, tunachangia mfuko wa jamii, tunakopeshana, na katikati ya Desemba tunavunja, kila mmoja anabeba chake na faida yake. Hela hiyo ndiyo sikukuu za watu, na ndiyo sare na madaftari ya Januari.

Zamani kila kitu kilikuwa ndani ya sanduku la kufuli tatu, funguo kwa wanachama watatu tofauti. Mwaka juzi wezi walivunja nyumba ya jirani na pale tunapokutania, watu wakaingiwa na woga. Mkutano ukapitisha kwamba marejesho ya mikopo yatumwe kwenye simu ya mweka hazina, na yeye Jumatatu apeleke benki. Tukaona tumepata usalama, na wenye biashara wakafurahi kwa sababu wanalipa hata siku ambayo hawakuja.

Mweka hazina ni wifi yangu, mke wa kaka yangu. Wala sikumpigia debe. Wanachama walimchagua wenyewe kwa sababu mahesabu yake ni safi na hana maneno mengi.

Mwezi huu wa Septemba tumeanza kujaza fomu za mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Wanataka taarifa ya benki. Nilipoletewa karatasi nikakaa nayo mezani pamoja na daftari la marejesho, nikaanza kulinganisha. Wifi yangu huweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu pembeni ya kila pesa iliyofika benki. Kuanzia Mei nikaanza kukuta vema za penseli. Hafifu kabisa, mtu aliyesukuma mkono hivi hivi. Nikazijumlisha hizo za penseli peke yake. Sh 2,850,000. Benki hazikufika.

Nilimwita chumbani kwangu, hakubisha. Alilia tu. Kaka yangu alikuwa na bajaji ya mkataba, injini ikafa, siku zikawa zinapita hapeleki hesabu kwa bosi, na bosi akasema anaichukua ilhali mkataba umebaki miezi michache uishe. Mkopo wa kikoba wa wifi ulikuwa haujaisha, kwa katiba yetu asingeruhusiwa kuchukua mwingine. Akawa anachota kwenye simu kidogo kidogo, anasema kila wiki aliamini wiki ijayo atarudisha. Amerudisha Sh 400,000. Imebaki 2,450,000.

Kesho yake jioni walikuja wote, wifi, kaka na mama yetu mzazi. Kaka alikaa karibu na mlango akawa anaangalia simu. Aliyezungumza ni mama. Akasema damu nzito kuliko maji, na kwamba nikisimama mbele ya wanawake 28 nikamvua nguo mke wa kaka yangu, basi nijue nimemzika yeye na aibu yake. Wifi anachoomba ni nyamaza mpaka Desemba, atakuwa amemaliza.

Nimemweleza mume wangu. Yeye anasema niache uenyekiti, niwaambie nina presha, watajuana wenyewe. Kuna wakati nafikiria kuuza kiwanja changu kidogo nilichonunua kwa hela ya vitenge, nizibe, yaishe. Shoga yangu mmoja (nilimweleza kwa mafumbo) ananiambia nikakope kwa watu wa kausha damu, wale wa riba kubwa, nusu saa tu unapata.

Katibu ananiuliza kila siku taarifa ya benki iko wapi. Fomu inatakiwa kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata Ijumaa ya wiki ijayo, na panapohitajika sahihi ya mwenyekiti ni pangu.

Kuna mwanachama wetu mmoja mjane, anakaanga mihogo stendi, hisa zake ni mbili mbili, haandiki, anaweka dole gumba. Jumamosi iliyopita alibaki nyuma ananisaidia kukusanya viti. Akaniambia, "Mimi benki hata siijui ilipo. Nakujua wewe."

Anti, sijala hata shilingi moja ya wale wanawake. Kwa nini mzigo huu uwe wangu?

Mwenyekiti, Morogoro


ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu naona ndilo linalokukosesha usingizi. Una haki ya kuuliza. Hukuchota, hukushiriki, na yaelekea bila wewe kukaa na karatasi zile mbili mezani, mambo yangejulikana siku ya kuvunja, uani, wanawake 30 wameshakuja na mikoba ya kubebea hela. Hatia ya kuchukua pesa si yako, na usimruhusu mtu akuvalishe, hata wewe mwenyewe usiku unapojigeuza kitandani.

Ila katika barua yako mambo mawili yamefungwa fundo moja, na ningependa tuyafungue. Kuna aliyechukua, na kuna anayepaswa kujibu. Kwa mtu wa kawaida hayo huenda pamoja. Kwa kiongozi huachana. Wewe unaweza kuwa huna kosa hata kidogo na bado ukawa ndiye mtu ambaye yule mama wa mihogo ana haki ya kumwuliza. Hakukabidhi pesa yake kwa wifi yako, wala kwa benki. Alikwambia mwenyewe alimkabidhi nani.

Wa umri wangu mtakumbuka, na nyie mmesikia kwa wazazi, zile ahadi za mwana TANU. Tulizisema shuleni tumesimama mstarini, tukizikariri bila kuzifikiria. Mojawapo ilikuwa hii: "Cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." Sehemu ya kwanza kila mtu anaijua, imeandikwa hadi kwenye makalenda. Mimi nakuomba uisome hiyo sehemu ya "wala cha mtu mwingine". Wifi yako ametumia cheo chake kwa faida ya nyumba ya kaka yako. Sasa nyumba hiyo hiyo imekuja jioni kuomba na cheo chako. Mama hakuja kukuomba pesa, mwanangu. Alikuja kuomba kimya cha mwenyekiti, na kimya hicho si mali yako ya kugawa.

Siandiki haya kumdharau mama. Mama anaogopa, na hofu yake ina sababu, nitaifikia.

Kwanza tutazame ombi lenyewe la wifi. Anasema atamaliza Desemba. Chukua kalamu. Hadi katikati ya Desemba zimebaki Jumamosi 11. Sh 2,450,000 ukigawa kwa 11 ni zaidi ya Sh 222,000 kila wiki. Hukuniambia anafanya biashara gani, lakini mtu ambaye tangu Mei ameweza kurudisha 400,000 atazipata wapi 222,000 kila wiki, bila kukosa hata wiki moja, huku mkopo wake wa halali nao unamsubiri? Sidhani kama anakudanganya. Anafanya kile alichofanya kila wiki tangu Mei, anaamini wiki ijayo. Na ikiwa kweli ana njia ya kupata pesa hiyo, muulize ni ipi. Wasiwasi wangu ni kwamba ataikopa mahali pengine pabaya, au atachota za wiki hii kufunika za wiki iliyopita, kwa sababu sijaona mahali ulipoandika kwamba simu ile imeacha kupokea marejesho. Je, imeacha? Hilo halihitaji mkutano wala machozi. Hilo ni la leo.

Halafu kuna mtu ambaye katika barua yako yote hajasema neno. Aliyekaa karibu na mlango. Bajaji ni yake, deni lilikuwa lake, injini ilikuwa yake. Mke amelia, mama amesihi, dada anafikiria kuuza kiwanja. Yeye alikuwa anaangalia simu. Mimi ni mgeni kwenye ukoo wenu, labda aibu imemfunga mdomo, wanaume wetu wengi huwa hivyo. Lakini kabla hujauza tofali moja la kwako ningetaka kujua bajaji iko wapi sasa. Inatembea? Inaingiza kiasi gani kwa siku? Mkataba umekwisha, kadi imeshakuwa kwa jina lake? Kama pesa ya wanawake 30 ndiyo iliyoiokoa, basi ipo mali inayoonekana kwa macho, na mazungumzo yanabadilika. Mpaka sasa mmekuwa mnazungumza kana kwamba pesa imeyeyuka.

Tuje kwenye njia ulizozitaja.

Kausha damu, hapana kabisa, na hapa nitakuwa mkali kuliko nilivyozoea kwenye safu hii. Umeona mwenyewe mitaani kwenu wanavyobeba friji na magodoro. Utaziba shimo la wifi kwa kuchimba la kwako, tena wanao wamo ndani.

Kiwanja ni suala gumu zaidi kwa sababu kina sura ya wema. Kiongozi anayelipa kutoka mfukoni mwake, nani atamlaumu? Lakini jiulize ungelipaje. Kama ungezipeleka benki usiku usiku, ukafuta penseli ukaweka nyekundu, basi umenunua siri kwa kiwanja chako, na daftari la kikundi litakuwa na uongo wenye mwandiko wako. Wifi atabaki mweka hazina, simu ile ile, namba ya siri ile ile. Siku likijirudia huna kiwanja cha pili. Tena siku siri ikivuja, na kwenye kikundi cha wanawake 30 sijui siri gani iliwahi kukaa, hakuna atakayeamini kwamba ulilipa kwa huruma. Watasema mlikula pamoja, ukashtuka. Ingekuwa tofauti kama ungesimama mkutanoni ukasema, haya ndiyo yametokea, na mimi kwa hiari yangu nakuwa mdhamini wa sehemu fulani ya deni hili. Huo ni uamuzi wa mtu huru, na mume wako anahitaji kuujua kabla hujautamka. Ila sikuambii uufanye. Kuna viongozi walioufanya wakasimama imara, na wapo ambao wanachama wakishaona mwenyekiti ana kiwanja, hawamdai tena mdaiwa, wanamdai yeye.

Mume wako anashauri ujiuzulu. Anakupenda, anataka kukutoa kwenye moshi. Na kujiuzulu kuna heshima yake katika nchi yetu. Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani miaka ya 1970 wakati watu waliokamatwa kwa tuhuma za mauaji huko Shinyanga na Mwanza walipoteswa na wengine kufa mikononi mwa vyombo vya dola. Hakuwapo, hakumgusa mtu. Aliachia ngazi kwa sababu waliofanya hivyo walikuwa chini ya wizara yake. Watu wengi humtaja kwa mfano huo, na mwaka 1985 alikuja kuwa Rais. Ila angalia kilichotangulia. Sababu ilijulikana. Nchi ilijua anaondoka kwa ajili ya nini. Wewe unashauriwa kuondoka kwa presha ambayo huna. Ukienda hivyo, yule mama wa mihogo atabaki na mweka hazina mwenye shimo la milioni mbili na ushee, na mwenyekiti mpya asiyejua anakalia nini. Sitaki kusema usijiuzulu. Huenda mkutano wenyewe ukataka hivyo, au wewe ukaona huwezi kumsimamia wifi yako bila watu kunong'ona. Lakini kuondoka baada ya kusema na kuondoka ili usiseme ni safari mbili tofauti, hata kama mlango ni mmoja.

Na hapo ndipo penye ile fomu. Mambo mengine yote kwenye barua yako yanaweza kusubiri siku kadhaa, hili haliwezi. Mikopo hii ya asilimia 10 haina riba, asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Serikali iliisitisha mwaka 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, ikaja kuirudisha 2024 kwa utaratibu mpya. Maana yake wanaopitia fomu zenu sasa wana macho. Taarifa ya benki na daftari havilingani, nawe unajua havilingani. Ukitia sahihi hapo, kwa mara ya kwanza katika habari hii yote utakuwa na jambo lako mwenyewe la kujibia. Mpaka leo huna. Kukosa dirisha hili la mkopo kutawauma wanachama, najua wamelisubiri, na labda watakulaumu kwa hilo kabla hata hawajajua sababu. Pima mwenyewe. Mimi naona lawama hiyo inabebeka.

Sasa njia iliyobaki, kusema. Sitaki kuipamba, maana ina hatari zake na wewe ndiye utakayesimama pale.

Inaweza kutokea wanachama wakataharuki na kudai hisa zao zote siku hiyo hiyo. Wengine wakataka polisi, na kisheria fedha ya watu uliyokabidhiwa ukaitumia ya kwako inaweza kuwa jinai kweli, msijifariji kwamba ni mambo ya kinamama tu. Kikundi kinaweza kufa. Ndoa ya kaka yako inaweza kutikisika. Mama anaweza kukununia mwaka mzima, na kununiwa na mama mzazi si jambo dogo, asikuambie mtu.

Lakini ziko namna mbalimbali za kusema, na ile "kumvua nguo" ambayo mama anaiona usiku si namna pekee. Wifi anaweza kupewa nafasi ya kusema mwenyewe. Mwambie siku, umwambie kwamba siku hiyo jambo litasemwa, ama na yeye ama na wewe, na kwamba akisema yeye utakuwa umekaa pembeni yake. Wengi wakishapewa tarehe hujikaza. Kabla ya hapo ongea na katibu, maana anayeulizia taarifa kila siku huenda ameshaanza kuhisi, na kiongozi mwenzio akiyasikia mkutanoni pamoja na wengine ataona ulimficha. Kikundi chenu kama kimesajiliwa kupitia halmashauri chini ya ile Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, basi afisa maendeleo ya jamii si wa kupokea fomu tu. Anaweza kuombwa akae nanyi kwenye mkutano, na uso wa mtu wa nje hupunguza sauti za watu. Kama unaogopa upande wa sheria, ulizia msaidizi wa kisheria kwenye kata yenu. Mimi si mwanasheria.

Nendeni mkutanoni na kitu mkononi. Mkutano unaopewa msiba peke yake utalia na kupiga kelele, ndivyo tulivyo. Mkutano unaopewa hesabu utakaa uhesabu. Leteni kiasi kilichochukuliwa wiki kwa wiki, kilichorudi, hisa za wifi mwenyewe za mwaka huu ni ngapi na ziko tayari kushikiliwa, bajaji inaingiza kiasi gani, na kaka yako aje kwa miguu yake atie sahihi kwenye makubaliano kama mdaiwa, asije kama mume wa mdaiwa. Wanachama wanaweza kuamua deni ligeuzwe mkopo unaotambulika, wenye riba na faini kama wa mtu mwingine yeyote. Wanaweza kuukataa. Wanaweza kumwondoa kwenye uweka hazina wakamwacha kwenye kikundi, au wakamwondoa kote. Someni katiba yenu inasemaje, isomwe kwa sauti, maana hapo ndipo mtakapojua kama mliiandika kwa ajili ya siku kama hii au mlinakili ya kikundi kingine. Hayo yote ni yao. Mama na wewe mmekuwa mkilijadili sebuleni kama jambo la familia ambalo linaweza kusamehewa pale pale, na ninaelewa, ni mke wa ukoo wenu. Lakini wa kusamehe pesa ni mwenye pesa.

Kuna jambo moja ambalo ningependa ulifikirie ukiwa umetulia, siyo wiki hii. Mfumo huu wa kuweka na kukopa tulioufanya kuwa wetu ulianzia vijijini Niger mwaka 1991, kwa wanawake ambao wengi hawakuwa wamesoma, na lile sanduku la kufuli tatu lilisambaa pamoja nao. Anayeweka kufuli tatu anawajua binadamu. Hakuwa anatafuta mtu mwaminifu wa kumpa ufunguo. Alihakikisha hata mwaminifu hawezi kufungua peke yake, siku injini ya mumewe imekufa. Mwaka juzi mkaogopa wezi wa nje, mkahamisha hela kutoka kwenye kufuli tatu mkaiweka nyuma ya namba ya siri moja. Mkutano ulipitisha, wewe ulikuwa umekalia kiti, na hakuna aliyeona. Sikulaumu, vikundi vingi vimefanya hivyo hivyo na wengi bado hawajalinganisha daftari. Nalitaja kwa sababu naona wewe na mama mnalia na tabia ya wifi, na mimi naona pia mwanamke aliyewekwa peke yake na pesa ya watu mfukoni kila siku, usiku nyumbani kuna mume anayekaribia kunyang'anywa kazi. Haimfanyi asiwe na kosa. Ila hapo ndipo kwenye kazi ya mwenyekiti hasa, na hiyo unaweza kuianza Jumamosi hii. Siku hizi kampuni za simu zina akaunti za vikundi ambazo pesa haitoki mpaka zaidi ya mtu mmoja waidhinishe. Na taarifa ya benki ingekuwa inasomwa mbele ya wote kila mwezi, vema ya kwanza ya penseli ingeonekana mwezi Juni.

Kuhusu mama, mwendee wewe mwenyewe kabla hajasikia kwa majirani. Usiende kumwomba ruhusa, kwa kuwa akikunyima utakuwa umejifunga. Nenda umwambie utakachofanya na kwa nini, na umwambie kuhusu yule mjane wa mihogo, maana mama naye nadhani amewahi kuweka hela yake kidogo mahali kwa kumwamini mtu. Anaweza kukasirika. Mpe muda, na watoto waendelee kwenda kumsalimia kama kawaida.

Na mkutano wenyewe ukifika, ukiona watu wamepandisha, usikubali maamuzi ya mwisho yapigiwe kura alasiri hiyo hiyo. Waeleze, uwajibu maswali yao hadi yaishe, simu ile ikabidhiwe, daftari lishikwe na mtu ambaye si wa ukoo wenu, halafu omba wakutane tena Jumamosi inayofuata kuamua kuhusu deni, kuhusu wifi, na kuhusu kiti chako. Siku hiyo mtu mwingine aongoze kikao, wewe kaa na wanachama wenzako kwenye mkeka.